Makuta ya watoto kule Johannesburg

Jambo wazazi wa safari. Ninaomba kila mtoto apewe makuta yake, yaani pesa, ya kununua vitu vya ukumbusho siku ya kwanza, ayatunze mwenyewe, yakiisha, yameisha. Kule Gold Reef City, bustani ya michezo tutakayotembelea, bei ni za randi, pesa ya Afrika Kusini. Mtoto aliyezoea franka zetu za Kongo ataona randi 200 ni kitu kidogo, kumbe ni zaidi ya dola 10! Tuwafundishe hesabu hiyo tungali hapa Lubumbashi. Asubuhi wasinunue: wazunguke, waangalie, warudi dukani jioni. Na ninyi matantine, mashangazi wa watoto, ninawasihi, msiwaongezee kwa siri. Mtoto ambaye mzazi wake hana cha kuongeza anaumia sana. Kila nyumba iandike hapa kiasi inachoweza kabla ya Ijumaa, tuchague kimoja kwa wote.