Indiketa ya lori isiwe fumbo

Mhariri,

Tunaosafiri barabara ya Morogoro–Iringa tunaijua lugha ya madereva wa malori. Ukiwa nyuma ya semitrela inayopanda kwa kujivuta, ikiwasha indiketa ya kushoto unaambiwa mbele kweupe, pita. Ikiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Ni wema mkubwa, maana dereva yule anaona usichokiona.

Shida ni kwamba indiketa hizo hizo ndizo za kukata kona na kuegesha. Mwezi uliopita, tukitoka Mikumi, lori la mbele liliwasha ya kushoto. Dereva wetu akajua ameruhusiwa, akatoka. Kumbe lenzetu lilikuwa linaegesha tu, na mbele basi linakuja limewasha fulu. Tulirudi upande wetu kwa kuponea chupuchupu. Mama wa kiti cha mbele yangu alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalia.

Naomba vyuo vya udereva vifundishe ishara hizi waziwazi, pamoja na hatari yake. Na dereva anayepewa ishara asipite kwa macho ya mwenzake. Achungulie, aone mwenyewe, ndipo atoke.

Msafiri,
Iringa