Barua kwa binti wa kaka yangu, aliyeambiwa hana sura ya Albena

Mwanangu,

Nimesikia umenyimwa nafasi ya kuigiza Albena, eti sura yako haimfai. Nakuandikia hadharani kwa sababu wasichana wengi wa maigizo huambiwa hivyo hivyo.

Turudi kwa Yordan Yovkov mwenyewe, mwandishi wa Bulgaria aliyemtunga Albena. Hadithi ya Albena ilikuwamo katika kitabu chake cha 1928, na mwaka uliofuata ikapanda jukwaani kama tamthilia huko Sofia, mji mkuu. Ni kijiji cha Dobrudzha, kaskazini mashariki mwa Bulgaria. Kutsar, mume wa Albena, ameuawa, na mkewe anahusika. Watu wamejaa nje wakingoja askari wamtoe. Wanawake ndio wakali zaidi, wameshamhukumu. Basi Albena anatoka, kavaa nguo za sikukuu. Papo hapo matusi yanawakauka mdomoni. Waliokuja kumlaani wanamlilia, hawataki achukuliwe.

Sasa jiulize, nani kabadilika pale? Albena ni yule yule wa jana na dhambi yake iko pale pale. Waliogeuka ni wanakijiji. Kwa hiyo jukwaani uzuri wa Albena unaigizwa na wanaomtazama: yule mama aliyefika akifoka, sasa anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Wao wakimtazama kikawaida, hata umlete mrembo wa Sofia nzima, tamthilia itakufa. Kazi yako ni kuvuka mlango ukijua ulichokifanya, bila kuomba kupendwa.

Halafu kuna Nyagul, mwenye kinu, mpenzi wa Albena. Ana mke nyumbani, lakini anajitokeza mbele ya kijiji kizima na kukiri kwamba naye ana hatia.

Katika Boryana, tamthilia nyingine ya Yovkov, ya 1932, msichana mzuri anaingia katika nyumba ya ndugu wanaogombania fedha alizoficha baba yao, na nyumba inapata nuru. Inapendeza. Lakini Albena inanichoma zaidi, maana kijiji kinamsamehe mzuri na kumsahau Kutsar, ambaye hakujaliwa sura. Hakuna anayemlilia, na hilo linaniuma kila nikisoma. Mwalimu anayechagua waigizaji kwa pua na rangi anafanya walichofanya watu wale.

Chukua wenzako wanne watano wawe wanakijiji, mfanye mazoezi ya kile kipande cha mlangoni, kisha mwombe mwalimu wako akutazame tena. Usoni usipake chochote.

Shangazi yako