Bushi zile usizitupe

Kisumu

Kwa ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, mama naye kikohozi kimemwacha. Nimeacha kazi nikuandikie kwa sababu ya zile bushi za feni, vile vipete ambamo shafti huzunguka. Unasema zina vitundu, ni mbovu, na wataka kukereza mpya za brasi. Tafadhali ngoja kwanza.

Vitundu hivyo viliwekwa makusudi. Bushi hiyo haikumiminwa wala kukerezwa, ilikuwa unga. Huchanganywa unga wa shaba nyekundu sehemu tisa na wa bati sehemu moja, ukashindiliwa kwenye kalibu kwa nguvu ya tani kadhaa kwa kila sentimita ya mraba. Ikitoka hapo ina umbo lake lote, lakini waweza kuivunja kwa vidole kama chaki. Kisha huingizwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, joto la nyuzi 800 hivi. Bati huyeyuka mapema, kwenye 232, likapenya ndani ya shaba. Shaba yenyewe haiyeyuki mpaka 1085, lakini chembe zake hushikana zikiwa bado yabisi! Hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria. Nafasi zilizobaki kati ya chembe, kama robo ya bushi nzima, hufyonzwa hewa na kujazwa oili.

Shafti ikizunguka ikapata joto, oili hutoka. Feni ikizimwa, vitundu huinyonya tena. Brasi isiyo na vitundu haina akiba hiyo. Itakauka, shafti ikwame, koili iungue, na mteja aliyekuamini ndiye atakayeumia. Hata ile ncha ngumu ya kabaidi unayokerezea kila siku ni unga pia, wa tungsteni kabaidi na kobalti. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3422. Ungepata wapi chungu cha kuimiminia?

Narudi kwa bushi. Vijana wasizioshe kwa petroli, itatoa oili yote. Grisi nayo huziba vitundu. Ukilazimika kupanua tundu la katikati la shafti, kisu kiwe kikali kweli, maana kisu butu husugua vile vitundu vikafungika. Kama imekauka tu, itumbukize kwenye oili nyepesi yenye joto kiasi mpaka mapovu yaishe. Iliyolika, hiyo nunua nyingine ya aina ileile.

Sasa niambie: zimelika, au zimekauka tu? Shafti ina mikwaruzo? Barasa bado anauza spea? Naomba uniulizie kwake bei ya bushi za milimita 8, huku zimeadimika na nina feni za shule zinaningoja. Na kijana wa Nekesa amepata nafasi chuoni? Unakuja lini Kisumu?

Nijibu upesi, kabla hujawasha mashine.

Ndugu yako,
Odhiambo