Kipande cha kupoteza mpira nimekiacha

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, mama? Sisi hapa Nkuhungu ni wazima, isipokuwa upepo. Umeezua bati moja la banda la kuku na mama yako ananidai misumari.

Flashi iliyomo kwenye bahasha ina video yako ya mpira ya kuwatumia makocha wa vyuo vya Marekani, dakika nne na sekunde kumi. Najua utaifungua kwenye kompyuta ya shule na wenzako wamekuzunguka, ndiyo maana nakuandikia kabla hujanuna.

Nianze na kosa langu. Ile ya kwanza niliitengeneza kama harusi. Miaka kumi na nane ya kupiga sendoff na kicheni pati, mkono ukaenda wenyewe: jina lako likashuka na maua, muziki ukapanda, kila ulipogusa mpira nikautia mwendo wa polepole. Nikampelekea mwalimu wako wa michezo, nikiwa nimevimba kichwa. Akaangalia kimya. Ilipofika sekunde ya hamsini akauliza, "Mzee, mtoto anaanza kucheza saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile.

Harusini kitu kizuri kinawekwa mwisho, watu wanasubiri keki. Kocha wa chuo hasubiri keki. Ana video nyingine chungu nzima za kuangalia, na usipomshika mwanzoni amekwenda. Kwa hiyo sasa kuna bango la sekunde tano tu: jina, namba ya jezi, kiungo mkabaji, urefu, mwaka utakaomaliza kidato cha sita, barua pepe. Baada ya hapo mpira. Muziki hakuna.

Kosa la pili lilikuwa la kamera. Bibi harusi nimezoea kumfuata usoni, na mechi ya kwanza ya UMISSETA, mashindano yenu ya shule za sekondari, nilikufuata hivyo hivyo. Jasho linaonekana mpaka kwenye nyusi, lakini pasi ilikokwenda haijulikani. Haifai kabisa, nimeitunza kwa ajili ya bibi yako. Mechi ya pili nilipanda juu ya Canter ya jirani, usawa wa mstari wa kati, jua la saa kumi likiwa mgongoni, na kwenye stendi nimening'iniza dumu la maji la lita tano ili upepo usiitikise. Nikavuta picha iwe pana, mabeki wako na viungo wao wote ndani. Namba 6 yako imefubaa kwa vumbi jekundu, ukiwa mbali inasomeka 8. Kwa hiyo kila kipande kinaanza kwa picha kusimama kidogo, wewe umezungushiwa duara, kisha mchezo unaendelea.

Sasa ugomvi wetu. Uliniletea orodha: tobo, ule mpira wa kupita kati ya miguu ya mtu; kanzu, ule wa kumpitishia juu ya kichwa; na goli la mbali. Goli ndilo la kwanza. Tobo ipo moja. Kanzu nimeitoa, mama, yule dada alikuwa amebanwa misuli na wewe unajua.

Na kipande cha dakika 1:40 ulichosema nifute, nimekiacha. Ni pale unapokea mpira na mgongo wako umeelekea goli lao, unachelewa, unanyang'anywa. Wewe unaona aibu. Mimi nimekirudia mara nyingi, usiku umeme ulipokuwepo, na ninaona kingine. Kabla hata yule msichana hajageuka, mkono wako wa kushoto umeshanyooka unamwelekeza beki aingie ndani. Huku unakimbia. Humkimbilii mwenye mpira, unakimbilia pale pasi yake itakapoangukia, na unafika kabla ya pasi. Halafu hushangilii, unatoa mpira kwa namba mbili, beki wa kulia, na kurudi mahali pako. Goli la mbali hata mwenye bahati hufunga. Maishani mwangu nimekata MC aliyeteleza na shangazi aliyelia vibaya, nalipwa kwa kuficha. Hapa nimekataa kuficha.

Kuna bwana alinipigia akisema yeye ni wakala, nimlipe ndipo video ifike Marekani. Nikamwambia asante. Barua pepe za makocha zimewekwa wazi kwenye kurasa za vyuo vyenyewe, na barua unaandika wewe, si mimi, kwa Kiingereza chako hicho hicho. Andikia na vyuo vidogo. Ila chunguza daraja lao: NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo kule, kina madaraja matatu, na la tatu halitoi ufadhili wa michezo. Timu za wasichana ni nyingi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya sheria yao ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Usinitajie Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu wa mpira wa kikapu, yeye alikwenda chuo cha Connecticut na 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, lakini urefu ule hatukukurithisha.

Hisabati yako ndiyo inayoninyima usingizi kuliko miguu yako. Madaraja mawili ya juu ya NCAA yanadai masomo ya msingi 16 ya sekondari, na hisabati na Kiingereza yamo. Kocha akikupenda na vyeti vikikataa, atamtafuta mwingine.

Mechi mbili nzima nazo zimo kwenye flashi, usizifute. Akivutiwa ataziomba aone unafanyaje usipokuwa na mpira.

Jezi nimeipeleka kwa fundi pale Majengo abandike namba mpya, nyeupe. Mama yako ameweka ubuyu chini ya soksi, matroni asiuone.

Angalia 1:40 ukiwa peke yako, kisha omba simu kwa mwalimu unipigie. Nisipokusikia hadi Jumamosi, nitaipandisha mtandaoni ilivyo, na barua utaanza kuandika.

Baba yako