Barua ya wazi kwa vijana wetu wahudumu wa afya wa jamii, Mbeya

Wajukuu zangu, marahaba. Nimeambiwa mlikaa Uyole jumapili mkakubaliana iandikwe barua kwenda WHO, Shirika la Afya Duniani, kule Geneva kulalamikia posho zilizokatwa. Barua hiyo bado haijatumwa? Basi isitumwe kwanza, mnisikilize mzee wenu.

Posho zenu zilikuwa za Marekani kupitia mradi, na tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini kusimamisha misaada ya nje na siku hiyohiyo akasaini nchi yake itoke WHO, kwa hiyo mnataka kumlilia mtu ambaye na yeye analia.

WHO ni ya nchi zaidi ya 190 na sisi tumo, mkutano mkuu huwa mwezi wa tano na kura ya Tanzania ni sawa na ya Ujerumani. Shida ni hela. Ada za uanachama kwa miaka mingi hazikufika hata robo ya bajeti, kinachobaki ni michango ya hiari na mingi inakuja imeshapangiwa kazi. Mmeshakaa kamati za harusi nyie, mjomba anatoa milioni halafu anasema hii ya keki tu, basi keki inasimama ghorofa tano na ukumbini wali haujatosha! Mwaka 2022 nchi zilikubaliana ada ipande taratibu mpaka ifike nusu ya bajeti ya msingi ikifika 2030-31, ila kukubali ni kazi ndogo, kulipa ndo shughuli.

Mimi hiyo keki nimeiona. Enzi zangu zahanati tulikuwa na pikipiki mpya ya mradi mmoja, imeandikwa ubavuni kifua kikuu, usiku mama ana uchungu mvua inanyesha, dereva anagoma eti logbuku, daftari la safari, itamsuta. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha Noah.

Sasa mahali pa kubisha hodi. Global Fund, ule mfuko wa dunia unaotoa hela za magonjwa matatu, haina ofisi hapa nchini, maombi ya hela za ukimwi, kifua kikuu na malaria yanaandaliwa na kamati ya nchi yetu wenyewe, na kwa masharti yao lazima wanaoishi na magonjwa hayo na asasi za kiraia wawe na viti humo. Je mnamjua anayekaa kwenye kiti chenu? Mlishawahi kumuuliza kaombea nini wahudumu wa jamii? Mtafuteni huyo kabla maombi mengine hayajaandikwa, na mwende na daftari la kaya mnazotembelea, sio malalamiko matupu.

Jumamosi njooni kwangu tuandike upya, viazi vipo, kalamu mje nazo maana zangu wajukuu wadogo wamemaliza.

Babu yenu, Igawilo