Jedwali lako la ndege limepungukiwa safu moja

Ndugu yangu Shabani,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo.

Jedwali lako nimelipata. Umezipanga ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili kwa kasi ya juu, ukaniuliza Spitfire ya Waingereza na Focke-Wulf 190 ya Wajerumani ipi bora. Siwezi kukujibu kabla hujaongeza safu ya kimo. Kasi ya ndege ya injini ya pistoni isiyotajiwa kimo haina maana.

Injini ile huvuta hewa ili iunguze petroli, na ukifika mita 6,000 hewa imebaki nzito karibu nusu tu ya ile ya usawa wa bahari. Ndiyo maana waliifungia supachaja, kipulizo kinachozungushwa na injini yenyewe ili kusindilia hewa kwenye silinda. Kila supachaja ina kimo chake inachokimudu. Ndege ikipanda zaidi, nguvu zinaporomoka.

Focke-Wulf ilipotokea kwenye anga ya kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1941, marubani wa Spitfire V, yaani toleo la tano, walipata tabu kubwa. Kisha Juni 1942 rubani wa Kijerumani, Armin Faber, akapotea njia na kutua Pembrey, Wales, akidhani yuko Ufaransa. Waingereza wakapata Focke-Wulf nzima! Wakairusha sambamba na Spitfire V: ya Kijerumani ilikuwa mbele kwa kilomita kama 30 hadi 55 kwa saa, kutegemea kimo. Spitfire iliishinda kwenye kukata kona tu. Na hata hapo, Focke-Wulf ilikuwa nyepesi mno kulalia ubavu. Rubani wake akibanwa kwenye kona alipindua ndege, akashuka kwa kasi na kutoweka.

Sasa sikia ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka huohuo Rolls-Royce, watengenezaji wa Merlin, injini ya Spitfire, walikuwa na Merlin 61, yenye supachaja ya hatua mbili (inayosindilia hewa mara mbili) na gia mbili za kubadili kasi yake, pamoja na kipoza hewa, kwa kuwa hewa ikisindiliwa hupata joto. Wakaichomeka kwenye umbo la Spitfire V lililoimarishwa kidogo. Ndiyo Spitfire IX, iliyoingia kazini Julai. Waliposhindanisha IX na Focke-Wulf ya Faber, tofauti haikuzidi kilomita 13 hivi kwa saa, tena walipokezana: chini kabisa Mjerumani mbele, juu kidogo Spitfire, karibu mita 5,500 Mjerumani tena kwa nywele, mita 7,600 Spitfire. Sasa niambie, hapo bora ni ipi?

Wala kasi si yote. Mwaka 1940 Merlin ilikuwa na kabureta: rubani akisukuma pua chini ghafla, petroli ilikatika na injini kukohoa, wakati Messerschmitt 109 ya Wajerumani, iliyopulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, ilishuka bila shida. Mhandisi Beatrice Shilling alipunguza tatizo hilo mwaka 1941 kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Jedwali gani litakuonyesha hilo?

Ukishaongeza safu, anza na Mustang, ndege ya kivita ya Wamarekani. Linganisha ile ya injini ya Allison na ile ya Merlin kwenye mita 3,000, kisha mita 8,000, uniandikie ulichokiona. Nina hamu sana ya kusikia.

Wako,
Idrisa