Dumu la asali bado sijalifungua

Ujiji, 9 Juni 2024

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, watoto wazima, mguu wa mama umepoa kidogo. Haya, salamu zimetosha, maana leo nina neno nawe.

Namba yangu baba umempa wewe. Usikatae, kasema mwenyewe: "Rafiki yako wa Isevya, Tabora, kanipa." Nilikuwa nafua, simu ikaita, namba ngeni, nikapokea na mapovu mkononi. Mtu akakohoa kwanza. Kikohozi kile, shoga! Miaka 27, na nimekijua kabla hajasema "mwanangu".

Siku nne baadaye likaja dumu kwa basi, asali lita tano, kifuniko kimezungushiwa mpira wa baiskeli. Nikalifuata stendi, nikaliweka nyuma ya mlango wangu. Sijalifungua. Sisimizi washaijua njia, asubuhi nakuta mstari mzima toka dirishani, na huyu wangu mdogo kila siku "Mama, tuonje?" Nilirudishe kwa nani? Na nikiila, nimekubali nini?

Maana anataka kuja Idi. Tena si kusalimia, kuja kukaa. Eti tumbaku haimlipi, na yule mwanamke kamfukuza (sikumuuliza, kajisemea). Vyumba vyetu unavijua. Nimlaze wapi, mlango utazamane na wa mama? Na ziwa limefungwa wavuvi wasivue tangu 15 Mei, hadi 15 Agosti hakuna dagaa, nachuuza mawese kwa chupa. Lakini hata dagaa wangejaa, jibu ni lile lile.

Nikampigia. Sauti ilitetemeka, ila nimesema. Baba, simu nitapokea Ijumaa baada ya swala, siku nyingine sipokei. Ukija Kigoma utafikia Gungu kwa shangazi, nitakuletea wajukuu uwaone. Kwangu hulali. Habari za mama usiniulize. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo nina saa za kuona mgonjwa?" Nikacheka, Mungu anisamehe.

Mjomba kashaanza: mzazi ni mzazi, radhi, laana. Radhi nani asiyeitaka? Ila alipoondoka nilikuwa darasa la tatu, na aliyeuza khanga zake za harusi nipate madaftari simtaji, unamjua. Hiyo Sheria ya Mtoto inayombana mzazi atunze watoto imekuja 2009, mimi nishakuwa na wa kwanza mgongoni. Ningemshtaki wapi, kwa nani... basi, niache.

Wewe sikulaumu sana. Kidogo tu. Najua alivyo, akianza kukuita "mwanangu" unatoa hata figo. Lakini akikufuata tena, mtaa tuliohamia usimtajie, na namba ya mama usimpe kabisa. Na usinibebee maneno yake, hata ya heri. Anayo namba yangu, Ijumaa ipo.

Hivi ulimkuta wapi, sokoni? Kakonda? Anatembea vizuri? Aliponiulizia alianza na jina langu au na la mama? Alilia kweli, au kanidanganya? Na dumu lile, ulikuwepo akilifunga? Nani anampikia?

Nijibu kwa maandishi, usipige. Mama kaliona dumu juzi, alipokuja kuchukua ufagio. Hajauliza.

Wako,
Mama Shufaa